Pinyo Mpya, Mteremko wa Zamani

Gédéon aliamini kuwa amemtibu mama yake woga kwa kipande cha chuma kinachoenea kiganjani.

Alikuwa amechutama uani tangu alfajiri, mikono imejaa girisi. Alikuwa ameing'oa pinyo ya zamani, lile gurudumu dogo la meno linalovuta mnyororo upande wa injini, akaweka nyingine iliyoizidi jino moja. Ya zamani ilikuwa ya enzi za matope, ya kupandisha magunia ya wachimbaji wa Kampene vilimani. Kwa kuvuta, haikuwa na mpinzani, lakini ukitaka mwendo, injini ilipiga mayowe mpaka abiria akaumwa na fizi. Siku hizi mashine zimepita, barabara ya Kindu imesawazishwa, na pikipiki iliyofungwa kwa ajili ya matope ilikuwa inajitesa bure. Alilisogeza gurudumu la nyuma mbele kidogo ili mnyororo utoshe, akaubonyeza kwa vidole kuona umelegea kiasi, akapunguza upepo wa matairi ili mgongo wa mama yake usiteseke. Kisha akawasha.

"Mama, kuja usikilize," aliita. "Haitalia tena. Nimeitengeneza kwa ajili yako."

Scholastique alisimama mlangoni, kifurushi cha safari kwapani. Alisikiliza. Kweli, pikipiki ilikuwa inanong'ona tu, na nywele za shingoni zikamsimama.

Hakuwahi kupanda pikipiki tangu vita. Kijiji chao kipo chini ya mteremko mrefu, na pikipiki ikija kutoka juu, Scholastique huacha alichoshika, hata kama ni chungu motoni, akaingia kwenye mihogo mpaka ipite. Watu, ambao hawakosi la kusema juu ya hofu ya mwenzao, walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, maskini, anaogopa kelele za injini. Mwanawe naye akakua akiamini hivyo. Scholastique aliwaacha waamini. Kuwasahihisha kungemlazimu asimulie habari za Isidore, mumewe, na habari hizo hakuwahi kumsimulia mtu.

Hakuogopa kelele hata kidogo. Kelele ni adabu, ni hodi ya mtu anayekuja. Alichokiogopa ni ile dakika ambapo injini inafika juu ya mlima na kunyamaza, kwa sababu madereva wote huzima hapo na kuteremka bure, wakibania mafuta. Ndivyo walivyokuja wale wenye bunduki. Walizima juu, wakateremka kimya, na Isidore alikuwa kando ya barabara akifunga kuni, mgongo ameupa mlima. Scholastique aliyaona yote kutoka kwenye mihogo, na Gédéon mgongoni mwake amelala. Alimziba mtoto mdomo kwa kiganja, na mpaka leo kiganja kile kinamwasha.

Asubuhi hii asingepanda, hata wangemfunga kamba. Lakini jana simu ilipigwa kutoka Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu. Adolphine, mdogo wake wa pekee, hali tena wala hanywi, na neno moja tu linamtoka, la kumtaka dada yake mkubwa: Yaya iko wapi? Magoti ya Scholastique hayawezi tena safari ya miguu, na Adolphine hangengoja lori la kubahatisha. Akapanda.

Safari ilikuwa kama alivyoahidi kijana. Pikipiki iliteleza pasipo kutetemeka, upepo ukipita masikioni, na Gédéon akigeuza shingo kila mara kumsifia pinyo yake. Kwenye miinuko ilichoka mapema, ikabidi arudishe gia na kuibembeleza, na Scholastique akapumua, kwa sababu hapo angalau ililia kidogo. Penye tambarare ilinyamaza tena, naye akamkamata mwanawe kiunoni mpaka akamwumiza.

"Unaona, Mama? Iko muzuri."

"Tazama mbele," alimjibu.

Aliona kuku wakishtuka wakiwa wamekwisha kufikiwa. Aliona mtoto akivutwa na dadake kutoka barabarani katika dakika ya mwisho. Hakuna aliyewasikia wakija. Akaanza kuhesabu milima moyoni, akijua mmojawapo utakuwa mrefu.

Ulipofika, Gédéon akafanya wanachofanya wote. Juu kabisa alikata moto wa injini, na pikipiki ikaanza kushuka yenyewe, ikiongeza kasi, pasipo sauti ila mchanga mdogo chini ya matairi.

Kimya kilekile, na safari hii Scholastique ndiye amekipanda. Chini ya mlima, mwanamke mzee alikuwa akitembea katikati ya barabara na kikapu cha mihogo kilichofungwa kwa kamba ya paji la uso. Hakugeuka mpaka walipomkaribia kabisa. Alipowaona hakukimbia. Alijitupa chini kifudifudi, mihogo ikamwagika, akaweka mikono yote miwili juu ya kisogo, vidole vimeshikana.

Gédéon alikanyaga breki, pikipiki ikayumba, ikasimama ubavuni mwa bibi yule. Hakuinuka. Alikuwa akisema polepole, midomo ndani ya vumbi, kwamba hana kitu, kwamba mumewe ameshakufa, kwamba wachukue mihogo.

Scholastique alishuka. Alipiga magoti, akamshika bibi mabega. Hakumjua, lakini aliijua ile mikono kisogoni. Maneno ya kumtuliza yakamkimbia, likamjia moja tu la zamani.

"Chumvi," alisema. "Dada, sisi ni watu wa chumvi."

Bibi aliacha kusihi. Kisha akageuza uso, akamtazama kwa jicho moja.

Wakati wa vita, kina Scholastique walipojificha porini bila chumvi mpaka miguu ikavimba, Adolphine ndiye aliyesukuma baiskeli kutoka Kindu na vifurushi vya chumvi chini ya magogo ya kuni. Wachuuzi wa namna yake walikuwa na desturi: kabla ya kila kona walipaza sauti, "Chumvi!", ili waliojificha wasikimbie. Nao waliojificha walijibu, "Mboga inangoja." Asiyeita alikuwa adui. Hakukuwa na alama nyingine.

"Mboga inangoja," bibi alinong'ona, akaanza kulia.

Waliokota mihogo wote watatu. Bibi alipokwisha kwenda zake, Gédéon alibaki ameshika usukani, uso umempauka kwa vumbi.

"Mama, alituogopa sababu gani? Pikipiki haikupiga hata kelele."

"Njo sababu," Scholastique alisema. Akamweleza palepale, kwa maneno machache: mlima, injini iliyozimwa, kuni, baba yake, na kiganja kilichomziba mdomo. "Nilikuwa naogopa kukuambia, mutoto yangu. Sasa naogopa zaidi uwe muntu wa kufika kimya. Washa moteri. Na usiizime tena mulimani, mafuta yaishe kama yanataka."

Gédéon aliwasha, na kila kona mpaka mjini alibonyeza honi. Honi yenyewe ilikuwa mbovu, ikitoa sauti ya bata, hivyo penye vijiji Scholastique alimsaidia kwa kuita neno lile la wachuuzi. Vijana walimcheka. Wazee kadhaa waliinua vichwa vyao kwenye vibaraza, hawakucheka.

Walifika Alunguli jua likiwa bado juu. Uani kwa Adolphine wanawake wa jirani walikuwa wamekaa kwenye mikeka, vichwa chini, hakuna anayezungumza. Gédéon alizima injini kwa mazoea tu, na kimya kikashuka juu ya ua mzima.

Scholastique hakuweza kushuka. Aliuona mlango ulio wazi na giza lililo ndani yake, na wanawake wasiomtazama machoni, na hofu yote ya miaka ile ikamkalia kifuani. Kama ningetembea tangu jana, alijiambia. Kama ningepanda tangu mwaka juzi. Gédéon alimpa mkono, mama yake hakuushika.

Akafungua mdomo, na sauti ikatoka nyembamba.

"Chumvi."

Mwanamke mmoja aliinua uso, akidhani mgeni amechanganyikiwa. Scholastique akavuta pumzi, akaita tena, safari hii kwa nguvu zote, kama anayekaribia kona mbaya.

"Chumvi!"

Ndani, kitanda cha fito kililia. Kisha sauti, iliyochakaa, ya mtu ambaye ametumwa mbali na amechoka kurudi.

"Mboga inangoja, Yaya. Inangoja tangu jana."

Hapo Scholastique akaushika mkono wa mwanawe, akashuka.