Jibu la Ruthi Bomani

Ruthi alikuwa amerudi kutoka Makerere na digrii yake, lakini pale bomani Tanga digrii haikumpa mtu mweusi ruhusa ya kumjibu Mzungu moja kwa moja. Desturi ya boma ilikuwa hii: Mwafrika anasema Kiswahili, mkalimani anageuza, hata kama Mwafrika mwenyewe Kiingereza anakimwaga kama maji. Upuuzi mtupu! Na mkalimani wa siku hiyo alikuwa mjomba wake, Kristofa, aliyedumu kazini kwa ufundi mmoja tu wa kulainisha maneno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Leo ulimi uuchunge. Huyu bwana ndiye mwenye nafasi ya Uingereza."

Nafasi ilikuwa moja kwa jimbo zima, na Ruthi aliitaka kwa moyo wake wote: kwenda chuo kikuu kuchukua shahada ya pili ya utawala wa nchi na mambo ya mataifa.

Bwana wa elimu, Mzungu mgeni kutoka Dar es Salaam, aliuliza mwanamke atayafanyia nini masomo hayo, na nafasi za mapishi na ushoni zipo tele.

Hasira zikampanda Ruthi. "Mwambie, kwetu Pongwe tunaamriwa pa kulima na mtu ambaye hata Pongwe hajafika. Nataka kujua amri hizo zinatungwaje, na mataifa mengine yalidaije haki yao, ili siku tukijitawala tusipapase. Na siku hiyo haiko mbali."

Kristofa akakohoa, akageuza kwa Kiingereza: "Anaishukuru sana serikali, bwana. Anataka kurudi kuwasaidia kazi."

Mzungu akatabasamu. "Vizuri sana! Nadhani tumempata mtu wetu."

Basi hapo angenyamaza tu, ameshapata. Mjomba alimkodolea macho ya kumsihi. Lakini aende ng'ambo kusomea utawala kwa kumshukuru anayemtawala? Wapi! Ruthi aliona bora akose.

"Sivyo nilivyosema," akasema kwa Kiingereza, akarudia yote, na ile siku isiyo mbali akaitilia mkazo.

Mzungu akaiva uso. Alimgeukia Kristofa kana kwamba Ruthi ni kabati. "Mwambie nafasi hana. Na mwambie hapa hasemi mpaka aulizwe."

Ruthi akamwangalia mjomba wake, mtu mwenye watoto wa kulisha na pensheni iliyokaribia, akamhurumia. Alijua atageuza tu, na wala asingemlaumu.

Kristofa akavua miwani, akaifuta kwa kanzu.

"Mwambie mwenyewe, bwana," akasema. "Huyo hapo mbele yako. Kiingereza anakijua kuliko mimi."

Akasogea kando, akamwachia Ruthi meza. Ruthi akakunja mikono, akamtazama Mzungu machoni.

"Sema, bwana," akamwambia. "Nakusikiliza."