Mkoromo wa Baba

Fundi wa redio aliitengeneza ile mashine kwa vitu vya kuokoteza: spika ya gari, betri ya pikipiki, na bomba la plastiki alilolipaka gundi na kulifunga mpira mpaka maji yakakosa pa kupenya. Kazi yake ilikuwa moja tu, kumhadaa papa. Samaki aliyeumia hupapatika kwa vishindo vizito visivyo na mpangilio, na papa akivisikia kutoka mbali hujua mlo uko tayari. Fundi alivirekodi vishindo hivyo kwenye ndoo, akavitia ndani ya kadi ndogo kama ukucha, akaiweka kwenye kisahani mezani pake.

Kisahani hichohicho kilikuwa na kadi ya mama yake. Redio ya mama ilikuwa imeletwa kusafishwa, na kadi yake haikuwa na kitu kingine ila baba akikoroma. Fundi mwenyewe alimrekodi zamani kwa utani, ili wamcheke. Baba alipofariki, utani ukageuka dawa, mama akawa hapati usingizi bila mkoromo ule. Fundi alitaka kutoa nakala, mama akakataa katakata.

"Mtu mmoja hakoromi mahali pawili," alisema.

Asubuhi hiyo kaka yake fundi, ambaye mtaa mzima ulimwita Pupa, wala haukumwonea, alisimama mlangoni akipiga honi kwa mdomo.

"Dada, bahari haingoji mtu! Twende tukaijaribu."

Fundi akachukua kadi, akaichomeka, akalifunga bomba. Haraka haraka haina baraka, na ni yeye aliyemwimbia Pupa maneno hayo tangu utotoni.

Bahari ilikuwa imetulia kama maziwa kwenye bakuli. Pupa alizima injini, akalishusha bomba kwa kamba, kisha akamwachia dada yake aishike. Punde mbao za boti zikaanza kutetemeka chini ya nyayo zao, zikivuta na kuachia, na katikati ukaja ule mkato mrefu uliokuwa ukiwafanya, walipokuwa wadogo, wazuie pumzi kitandani wakingoja baba aanze tena. Miguu ya fundi iliitambua sauti kabla ya masikio.

"Huyo ni baba," alisema.

Pupa alicheka, kisha akaacha kucheka.

Papa wakaja. Hawakuja kwa fujo. Waliizunguka boti taratibu, vivuli virefu vya kijivu, kama watu wanaopita mlangoni kwa mtu aliyelala. Pupa alikamata chusa, mkuki wake wa kuvulia, lakini mkono haukuinuka. Fundi alijua anapaswa kuvuta kamba, maana kadi ilikuwa hiyo moja tu duniani. Lakini alikuwa na furaha. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, na yeye alikuwa mtoto tena. Akajiambia, kidogo tu.

Papa mkubwa kuliko wote alipanda kutoka chini, akafungua kinywa, akalimeza bomba. Kamba ilimchubua fundi viganja, ikakatika. Mtetemo ukafifia kwenye mbao, ukatoweka.

Walimkuta mama akitandika kitanda. Upande wa baba, mto haukuwa umeguswa tangu msiba. Fundi hakuzunguka mbuyu. Alieleza yote huku akilia.

Mama aliliachia shuka.

"Huko aliko, bado anakoroma?"

"Mpaka betri iishe, mama."

"Itaisha lini?"

"Kama alfajiri hivi."

"Maskini huyo papa," mama alisema. "Hatalala leo. Mimi mwenyewe nilipoolewa ilinichukua muda kuzoea."

Pupa akaangua kicheko, akaishia kufuta macho.

Alfajiri fundi alimkuta mama amekaa kitandani, dirisha wazi, ametega sikio. Kulipopambazuka kabisa, mama aliuchukua mto wa baba, akauvua foronya, akaitumbukiza kwenye beseni la nguo za kufua. Kisha akajilaza katikati ya kitanda, akalala.