Mzee Aliyejitoa kwa Adabu

Mahrokh alikuwa amechoka uchovu ule ambao ukiulalia unaamka nao. Asubuhi alikata vioo vya miwani katika duka la Tarzana, Marekani, mchana alikula mkate wake amesimama, jioni alifungua kompyuta na kuandika namba ya ombi la visa la baba yake, ambayo sasa aliijua kuliko tarehe yake ya kuzaliwa. Jibu lilikuwa lilelile: uchunguzi unaendelea. Wanachunguza nini, nani anachunguza, wamefika wapi, hakuna aliyesema. Alikuwa amefikia mahali anafungua ile kompyuta bila kutarajia chochote, kama mtu anavyofungua friji ambayo anajua haina kitu.

Baba yake, mzee Nosrat Farahbakhsh, alikuwa mjane, akiishi peke yake katika mji wa Arak, Iran, kwenye ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Miaka mitatu nyuma alivuka mpaka kwenda kuhojiwa katika ubalozi wa Marekani wa nchi jirani, kwa sababu kwao ubalozi huo haupo tangu kabla Mahrokh hajajua kusoma. Alivaa suti aliyoivaa kwenye harusi ya bintiye. Akaambiwa kila kitu kiko sawa, umebaki uchunguzi mdogo wa usalama. Mzee akarudi nyumbani, akagawa mito na mapazia kwa majirani, akakaa kusubiri. Huo uchunguzi mdogo ukamla miaka.

Ndipo Mahrokh akaenda kwa wakili Behrang Kalantari, mtu mnene mwenye kicheko kikubwa, ambaye ofisi yake ilikuwa juu ya duka la mikate huko Reseda. Mafaili yake yote yalinuka ufuta.

"Baba yako alifanya kazi gani, Mahrokh khanom?" aliuliza, akimwita Bi Mahrokh kwa heshima ya Kifarsi.

"Fundi bomba. Idara ya maji."

"Ya mji gani?"

"Arak."

Kalantari akajishika kichwa kwa mikono miwili. "Idara ya maji, Arak! Mungu wangu! Nje ya mji huo kuna mtambo wa nyuklia, na wewe unaniambia maji! Kuna mtu amekaa kwenye kiti mahali fulani anajiuliza huyu mzee alikuwa anapeleka maji gani, na kwa nani."

"Ya kunywa. Na ya vyoo."

"Mimi nakuamini. Kamwambie huyo wa kwenye kiti."

Alicheka, kisha akaona mwenzake hacheki, akanyamaza na kumsogezea chai. Akamweleza. Kuna njia ya kwenda mahakamani. Hakimu hawezi kumpa mzee visa, hilo aliondoe kichwani kabisa. Lakini anaweza kuwaambia wakubwa hao: mmekaa na karatasi za huyu mtu muda wa kutosha, mjibuni.

"Ndiyo au hapana," alisema Kalantari. "Lakini wajibu."

"Niishtaki serikali? Mimi?"

"Wewe ni raia hapa. Kwa nini usiishtaki?"

Mahrokh aliivuta karatasi mbele yake. Kule alikozaliwa, serikali ndiyo inayokushtaki wewe, na ukisikia jina lako mahakamani unaaga watoto. Alitia saini, akaenda zake kazini, akamkatia mteja kioo cha kushoto mahali pa cha kulia.

Baba yake aliposikia, nusura aangushe simu.

"Umewashtaki? Mahrokh jan, aibu gani hii! Watu walinipa kiti. Walinipa maji ya kunywa."

"Wamekuweka miaka mitatu, Baba."

"Wana kazi nyingi, maskini. Dunia nzima iko mlangoni kwao."

"Baba!"

"Haya, haya, roho yangu iwe fidia yako. Nimenyamaza."

Serikali nayo ilipewa muda wake wa kujibu, ikautumia wote. Ulipokaribia kwisha, wakili wao alimpigia Kalantari kwa sauti ya upole sana. Hakuna haja ya kugombana, alisema. Ubalozi utamwita mzee tena, utamuuliza maswali machache yaliyobaki, halafu uamuzi utatolewa. Nyinyi mkubali tu kesi isimame kwa muda. Kalantari alimpigia Mahrokh akipiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Kumbe hawa ukiwakalia kooni wanaamka!

Wiki zile baba na binti walishinda kwenye simu. Mahrokh alimfundisha kila kitu. Mwaka wa jeshi, kambi, jina la kamanda. Nyumba zote walizopanga. Safari ya Syria ya kwenda kuzuru makaburi matakatifu, tarehe ya kwenda na ya kurudi.

"Jibu fupi, Baba. Akikuuliza ulifanya kazi wapi, usimpe historia ya mabomba."

"Lakini yale ya zamani yalikuwa ya chuma, sasa wameweka ya plastiki, ndiyo maana..."

"Ndiyo hiyo historia yenyewe!"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kikohozi hicho kilichukua muda mrefu kuliko kicheko, na Mahrokh alikisikiliza mpaka mwisho akiwa amejishika shavu.

Akaenda. Saa nyingi ndani ya basi la usiku, mzee wa miaka sabini na sita, amepakata kasha la halua ya zafarani la kumpelekea ofisa. Walinzi wa getini walilikataa. Alisema baadaye kwamba walilikataa kwa heshima kubwa, ikabidi awasihi waile wao wenyewe, nao wakaona haya.

"Imekwendaje?" Mahrokh aliuliza.

"Vizuri sana! Kijana mmoja mwenye malezi mema. Kifarsi chake kinapendeza, utadhani amekulia Shiraz."

"Amekuuliza nini?"

"Jeshi. Mabomba. Nimejibu fupi, nakuapia kwa roho ya mama yako. Mwishoni tukazungumza mambo mengine tu, ya kuagana."

Mahrokh hakuuliza ni mambo gani ya kuagana. Siku hiyo alinunua shuka mpya za kitanda cha chumba cha nyuma, akalala bila kufungua kompyuta.

Jibu lilikuja kupitia mahakamani. Kalantari hakutaka kulisema kwenye simu, na mtu wa vicheko akikataa kusema kitu kwenye simu ujue mambo si mazuri. Mahrokh alipanda ngazi za ofisi ile akiwa bado amevaa aproni ya dukani.

"Wanaomba kesi ifutwe," Kalantari alisema. "Wanasema hakuna tena cha kuamuliwa. Mzee amejitoa."

"Amejitoa wapi?"

"Kwenye ombi. Kwa hiari yake. Ofisa ameandika mazungumzo yao yote, nisikilize."

Akasoma. Ofisa: Bwana Farahbakhsh, umesubiri sana. Je, bado unataka kwenda kuishi Marekani? Mwombaji: Sitaki kuwasumbua. Ofisa: Si usumbufu, ni kazi yetu. Bado unataka kwenda? Mwombaji: Mimi mzee, nimeshaishi. Mna vijana wengi wanaostahili kuliko mimi. Ofisa: Kwa hiyo ungependa tulifunge ombi lako? Mwombaji: Mamlaka ni yenu, bwana. Lolote mtakaloona jema.

Kalantari aliiweka karatasi chini, akalaza paji la uso juu ya meza.

"Ta'arof," alisema akiwa hukohuko mezani. "Amewafanyia ubalozi ta'arof."

Mahrokh hakuhitaji kuelezwa neno hilo, adabu ya kukataa kile unachokitaka. Kwao mgeni akikaribishwa chai hukataa. Akikaribishwa tena hukataa tena, tena kwa maneno matamu zaidi, akijishusha na kumpandisha mwenyeji. Mara ya tatu ndipo hunyoosha mkono, na chai yenyewe ilikuwa imeshamiminwa zamani. Dereva wa teksi hukuambia leo usilipe, na ole wako ushuke bila kulipa. Mtu aliyelelewa vizuri hasemi nataka. Anangoja abanwe. Na mzee Nosrat alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi.

"Yule kijana na Kifarsi chake cha Shiraz!" Kalantari aliinua kichwa, macho mekundu. "Kajifunza maneno yote, adabu hakujifunza. Angeuliza vizuri mara moja tu zaidi!"

Lakini Mahrokh hakuwa na hasira na ofisa. Alijua kosa ni la nani. Alimfundisha baba yake kambi, tarehe na makaburi, akasahau kumfundisha kutokuwa na adabu. Nani anamfundisha baba yake jambo hilo?

"Tuna mpaka Ijumaa," Kalantari alisema. "Mzee ale kiapo kwamba hakujitoa. Mimi siwezi kumwandikia maneno kisha yeye aweke saini, serikali watasema ni maneno yetu. Kesho nitampigia, aniambie kwa kinywa chake. Nataka kwenda. Asiniletee mkipenda, asiniletee kama si usumbufu. Zungumza naye kwanza."

"Nitazungumza naye."

"Na Mahrokh khanom..." Wakili alichezea kalamu. "Wazee wengine kweli hawataki. Wanakubali kwa ajili ya watoto. Kama hataki, niambie, tuiache. Hakuna atakayekulaumu."

Njiani kurudi nyumbani Mahrokh aliona nafuu, na nafuu hiyo ikamtia aibu. Aliiona kabisa, waziwazi, kama mtu aliyeambiwa anaweza kuketi. Hakuna kompyuta tena. Hakuna kumkumbusha mzee arudie kupiga picha kwa kuwa zile za zamani zimepitwa na wakati. Kwa miaka yote hiyo alikuwa anataka kwa niaba ya watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kusema neno. Labda hakusema kwa sababu hana la kusema. Labda alikuwa anambeba mtu ambaye naye alikuwa anambeba yeye.

Asubuhi, kabla ya kwenda kazini, alipiga simu akiwa amesimama jikoni. Kule Arak jua lilikuwa linazama.

"Salaam, nuru ya macho yangu. Umekula?"

"Baba, walifunga ombi lako. Wanasema ulisema hutaki."

"Mimi? Mimi sikusema hivyo!" Akafikiri. "Nilisema tu neno la heshima."

"Wao hawalijui. Kwa hiyo nakuuliza mimi. Unataka kuja?"

"Ah, Mahrokh jan, mimi ni nani hata watu wahangaike hivi. Wewe una kazi yako, una maisha yako."

"Acha maisha yangu. Unataka kuja kuishi na mimi?"

"Nije kukuwekea mzigo ndani ya nyumba? Mzee wa kukohoa usiku kucha? Hapa sijakosa kitu. Jirani ananiletea supu. Na sauti yako imechoka, mwanangu, naisikia. Mikono yako isiumwe kwa yote uliyonifanyia, imetosha."

Hapo palikuwa mahali pa kuuliza tena. Mahrokh alipajua kama anavyojua mlango wa nyumba aliyozaliwa. Mtoto wa miaka minne wa Kiirani angepajua. Alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Si kwamba alikuwa na hasira. Hakuwa na nguvu tu. Alitaka, mara moja katika maisha yake, mtu ampe jibu alichukue lilivyo aende nalo.

"Sawa, Baba," alisema. "Kama ndivyo unavyotaka."

Upande wa pili pakawa kimya.

Mahrokh akatazama simu kama imekatika. Haikuwa imekatika. Alisikia pumzi ya mzee, na redio mahali fulani nyuma yake, na mtu anapanda ngazi kwa kuburuza miguu.

"Haya," baba yake alisema hatimaye. "Haya. Vizuri. Umefanya vizuri."

"Nitakupigia jioni."

"Nipigie. Ukipata nafasi. Usijisumbue."

Hakukata. Naye Mahrokh hakukata, akabaki anatazama saa ya ukutani na kujua kwamba amechelewa.

"Mahrokh."

Alimwita hivyo, jina tupu, bila jan, bila nuru ya macho. Hakuwahi kumwita hivyo hata alipokuwa anamchapa.

"Naam, Baba."

"Niulize tena."

Alisema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeomba kitu mlangoni kwa watu, na alikuwa mtu ambaye hajawahi kuomba hata kijiko cha chumvi kwa mkewe mwenyewe. Mahrokh alishika ukingo wa sinki.

"Baba, unataka kuja?"

"Nataka," mzee akasema. "Nataka, nataka. Hiyo supu ya jirani sina haja nayo, ni mara mbili tu kwa mwezi na haina nyama. Jumanne nilianguka kwenye ngazi, nikakaa pale mpaka mtu akapita. Sitaki kufia kwenye ngazi. Nataka kukaa na mwanangu. Haya, nimesema. Umefurahi? Umenivunja haya uzeeni."

Mahrokh alikuwa amekaa sakafuni, hajui amekaaje. Alitaka kumwambia amsamehe, lakini kwao hata msamaha una maneno yake marefu ya kuzunguka, na yeye hakuwa nayo.

"Saa hii kuna mtu atakupigia simu," alisema. "Wakili. Mwambie hivyohivyo."

"Yote? Na la ngazi?"

"La ngazi hasa."

"Mbele ya mtu nisiyemjua," baba yake alisema, na alikuwa analia. "Ee Mungu. Sawa. Mwambie apige sasa hivi, kabla sijapata tena adabu zangu."