Udongo wa Mume

Lucia alikuwa azikwe saa nane mchana, kijijini, juu ya mteremko wa kushukia Muze. Na Alois, mumewe, alikuwa hospitalini mjini Sumbawanga, amelala kifua wazi, mtoto amefungwa juu yake kwa khanga.

Mtoto alikuwa njiti, amezaliwa mimba ikiwa ya miezi saba. Uzito wake kilo ya sukari na kidogo juu. Mashine za kuwapa njiti joto zilikuwa mbili: moja ilikufa tangu Pasaka, ikaandikiwa barua, barua ikajibiwa kwa barua; nyingine ilikuwa imelaza watoto watatu. Kwa hiyo joto la yule mtoto lilikuwa ngozi ya baba yake, basi. Mama mkwe alikuwa anakohoa, akazuiwa mlangoni. Asubuhi Alois alimfungua mtoto kifuani nusu saa tu, akausindikize mwili wa mkewe kwenye gari. Aliporudi, joto limeshuka hadi thelathini na nne, vidole vya bluu.

"Ukienda mazishini, baba," alisema muuguzi Atusaye, mtu wa Mbeya asiyezungusha maneno, "utarudi kuzika tena."

Chumba kilikuwa cha akina mama. Siku ya kwanza walimcheka.

"Shemeji, hicho ni kifua au jamvi? Mtoto atawashwa na hizo nywele!" alisema Margareth, mama wa mapacha.

"Muulize kama amelalamika," alijibu Alois.

Leo hakuna aliyemtania.

Miguu ya Lucia ilianza kuvimba mimba ikiwa ya miezi sita. Zahanati yao ilikuwa na kipimo cha presha, ila kibovu. Wakampima kwa macho, wakampa panadoli za kichwa. Kifafa cha mimba kilipomwangusha, gari la wagonjwa lilikuwa limebeba viti vya sherehe ya kumpokea mkubwa mmoja. Viti vilifika salama. Lucia alifika kwa pikipiki, amebanwa katikati ya watu wawili, povu mdomoni. Mtoto wakamtoa kwa kisu, mama hakuamka. Wakubwa wakaandika: mgonjwa amecheleweshwa na familia. Kalamu wanayo wao, nani atawabishia?

Saa nane na robo simu ikalia. Zenon, kaka yake Alois.

"Jeneza liko shimoni. Padri anakungoja wewe. Mume ndiye anayetangulia kumwaga udongo, unajua."

"Mwaga wewe kwa niaba yangu, kaka."

"Mzee amekataa. Ongea naye."

Baba mkwe akaishika simu.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakuitikia. "Alois. Mwanangu amekufa na mimba yako. Leo umeshindwa hata konzi moja ya udongo?"

"Baba, nimembeba mjukuu wako. Nikimtoa hapa..."

"Lucia hakuwa mtu wa kutupwa. Sema, watu wasikie: unakuja, au tufukie?"

Hapo Alois akahisi kifua chake kinapumua peke yake. Kile kingine, kile kidogo, kimenyamaza.

Atusaye alishamwambia kwamba njiti husahau kupumua. Simu ikamponyoka. Akapenyeza mkono ndani ya khanga, akautafuta unyayo, unyayo usiozidi kidole gumba chake, akausugua, akaugonga kwa ukucha. "Dada! Dada Atusaye!" Margareth akatoka mbio kumwita. Chini sakafuni sauti ya mzee ikawa inasema, "Alois? Alois? Mmemsikia? Amenyamaza."

Atusaye alipoingia na mpira wa kupulizia hewa, mtoto alikuwa ameshakohoa. Akavuta pumzi, akalia kama paka mchanga, rangi ya bluu ikamtoka midomoni.

Margareth akaokota simu, akamwekea Alois sikioni. Ilikuwa bado hewani. Maneno hayakuwepo. Makoleo tu, na udongo ukigonga mbao, kisha wanawake wakaanzisha wimbo.

"Kaka," alisema Alois. "Amepumua."

Hakuna aliyemsikia.

Akaanza kulia. Atusaye akaweka kiganja mgongoni kwa mtoto. "Pole, baba yangu. Pole sana. Lakini usilie kwa nguvu. Kifua kikitikisika, huyu atachoka."

Alois akauma midomo. Akalala vilevile, bila kutikisika, simu sikioni, akisikiliza mkewe anavyofukiwa, mpaka salio la Zenon likaisha.