Salamu ya Kenneth na Sindano ya Mkononi

Mzee Tomaso wa Nangwa aliamka Jumatatu, akanywa uji, na uji ukamtoka upande wa kushoto wa kinywa. Jicho la upande huo lilikataa kufumba, na shavu lilining'inia kama kiroba kilichomwagwa mahindi. Daktari alimpima, akasema si kiharusi; ni mshipa wa fahamu wa uso uliolegea. Alimpa vidonge na dawa ya jicho, akamwambia avumilie majuma kadhaa.

Kuvumilia aliweza. Kilichomshinda ni neno moja. Yeye aliyefundishwa na mapadre kutamka kila neno kwa ukamilifu, yeye aliyewasimamisha vijana njiani warudie salamu waliyoimung'unya, alijaribu kusema "marahaba" nyuma ya zizi, na sauti iliyotoka ilimfanya ndama ageuke kumtazama. Basi akajifunga skafu usoni, akanyamaza.

Jumatano alikutana na Kenneth, kijana wa Gendabi aliyekuwa akimchumbia mjukuu wake Evaline.

"Shikamoo, Babu!"

Mzee akatikisa kichwa, akapita. Ijumaa ikawa vilevile.

Jumapili Evaline alifika kutoka Katesh, hata kuketi hakuketi. "Babu, Kenneth amekukosea nini? Baba yake anasema mzee asiyeitikia shikamoo ana neno moyoni. Jumamosi ijayo hawaji kuleta posa mpaka wasikie umeitikia kwa kinywa chako!"

Mzee akafungua skafu. Evaline akashika kichwa.

"Kumbe! Si ungesema tu? Nimpigie simu sasa hivi."

"Usi'ige," alisema mzee kwa taabu. "Sitolewi udhuru na 'jukuu."

Evaline akairudisha simu mkobani. Kesho yake alimpeleka Katesh kwa Belinda, tabibu mzaliwa wa Tanga aliyejifunza tiba ya kuchoma sindano zisizo na dawa kwa mabingwa wa Kichina.

Pale benchi la kungojea lilikuwa limejaa. Mama Hilda alikuja kwa ajili ya mgongo, Herman kwa kipandauso, na mwalimu mmoja kwa sababu usingizi ulimkimbia tangu mwaka jana. Mzee alisahau aibu yake, akamhoji kila mmoja: amechomwa mara ngapi, wapi, alisikia nini? Mama Hilda alisema maumivu ya mgongo yamepungua. Herman alisema kwake bado.

"Wewe hutulii pale kitandani hata dakika tano," Mama Hilda alimwambia Herman. "Sindano itamtibu nani, shuka?"

Ilipofika zamu ya mzee, Belinda aliomba kwanza kuona cheti cha daktari, akachoma sindano chache shavuni, nyembamba kama unywele. Kisha akashika mkono wake wa kulia, akachoma katikati ya kidole gumba na cha shahada.

"Ugonjwa uko huku," mzee alinong'ona, akionyesha kinywa. "Wewe unacho'a kule."

"Wachina wanasema kuna njia kutoka hapo hadi usoni, Babu. Wengine wanasema ni mishipa ya fahamu. Sitakudanganya: wengi wenye ugonjwa huu hupona hata bila sindano. Mimi nausaidia mwili tu."

Mzee aliitazama sindano kwa muda mrefu. Marehemu baba yake alikuwa akimtoa ng'ombe damu shingoni kwa mshale uliofungwa kijiti karibu na ncha, usizame kupita kiasi.

"Hii kijiti chake kiko wa'i?"

Belinda akainua vidole vyake. "Ni hivi. Vilifundishwa miaka mitatu."

Mzee akaguna kwa kuridhika. Alirudi Jumatano na Ijumaa. Ijumaa jioni jicho lilifumba nusu. Kinywa kilikuwa bado kimekwenda upande.

Usiku huo alimwita Evaline. "'Igie Kenneth. Waje. Nitaitikia nilivyo."

Jumamosi Renatus, baba yake Kenneth, alisimama mlangoni na ndugu zake, wala hakuingia. Kenneth akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Babu."

Mzee Tomaso akafungua skafu mbele ya wote. Akabana mdomo wake uliolegea kwa vidole viwili, ukutane na mwenzake.

"Marahawa," alisema. Akajaribu tena, polepole, jasho likimtoka. "Marahaba, 'wanangu. Sikuwa na neno. Sikuwa na 'domo."

Kisha Renatus akavua kofia, akaingia, akaketi karibu naye, akiuchunguza uso ule bila haya.

"Nasi tulikaa juma zima tukitafuta kosa letu! Na hiyo alama mkononi ni ya nini?"

Mzee akaunyoosha mkono, akamwonyesha mahali penyewe na kumweleza habari ya njia ya Wachina, ya mshale wa baba yake, na ya vidole vilivyofundishwa miaka mitatu. Wageni wakasogeza viti. Chai ikapoa. Posa ilikuwa bado haijatajwa Renatus alipokunja suruali, akagonga goti lake la kulia.

"Na hili," aliuliza, "wanalichoma wapi? Sikioni?"