Kipande cha Katikati

Kwa miaka kumi na mmoja Severa aliweka cherehani yake kwenye baraza la duka la Bi Fakhriya, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Ndani, Bi Fakhriya aliuza mabaibui na mitandio. Nje, Severa, Mchaga wa Kibosho, alipunguza magauni, alibadilisha zipu na kushona sare za harusi. Kila asubuhi alisema, "Shikamoo, Bi Fakhriya," akajibiwa, "Marahaba, Mama Rogath, umeamkaje?" Ikifika saa nne, chai ya tangawizi iliteremshwa kutoka ghorofani, vikombe viwili, kimoja chake.

Mume wa Bi Fakhriya, Mzee Abdulla, alifariki mwezi wa tatu, binti yao wa mwisho, Dalia, akiwa na mimba ya miezi minne. Nguo za marehemu ziligawiwa, kanzu zote zikaenda kwa ndugu na kwa maskini. Kilichobaki ni kikoi kimoja cha kushindia nyumbani, cheupe chenye mistari ya buluu, kilichochakaa mpaka ukikiinua unaona mwanga upande wa pili.

Wiki chache baadaye Bi Fakhriya alitoka barazani na mfuko, akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Mama Rogath, si uliwahi kuniambia sista mmoja wa kwenu alikufundisha kushona mfarishi, lile tandiko la viraka?"

"Alinifundisha, ila ni zamani. Halafu ile ni kazi ya mkono, Bi Fakhriya, si ya cherehani."

"Hiyo hiyo ya mkono ndiyo naitaka. Mjukuu wangu hatamwona babu yake. Basi angalau alale kwenye nguo za nyumba yake."

Akatoa vitu kimoja kimoja. Kanga yake ya harusi. Sketi ya buluu ya Dalia ya shule ya msingi. Gauni lake la kijani la Idi, na pazia la chumba alichohamia na mzee mwaka wa kwanza wa ndoa. Mwisho kikoi. Hicho alikishika kidogo kabla ya kukiachia.

Severa alichora kwenye karatasi ya kaki. Alijaribu vipande vilivyopangwa kama dama, akafuta. Akajaribu pembetatu, zikawa nyingi mno. Hatimaye alichora kama nyumba za kwao Bi Fakhriya, jinsi mwenyewe alivyozisimulia: vyumba vimezunguka, na katikati ua mweupe. Ua huo ndio ungekuwa kikoi.

Bi Fakhriya aliutazama mchoro, akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Hapo katikati ndipo alipokuwa," alisema.

Kikoi kilikuwa na sehemu moja tu nzima, iliyotosha kipande kimoja. Severa alikipima mara tatu kabla ya kutia mkasi. Siku hiyo saa nane mchana alitandaza vipande vyote juu ya meza, akavipiga pasi kwa zamu. Vikapendeza. Akapiga picha kwa simu, akaiweka kwenye status ili wateja waone kuwa fundi wa zipu naye ana sanaa. Akarudi kukinyoosha tena kikoi, na papo hapo sifa zikaanza kuingia. Mama mmoja wa Mbezi akapiga kabisa, anataka wa mwanawe, na Severa akasimama pale akicheka na kujieleza, mgongo ameipa meza.

Harufu ndiyo iliyomgeuza. Pasi ilikuwa imelala juu ya kikoi. Alipoinyanyua, katikati palikuwa pameungua, rangi ya kahawia, na ukingo ulipukutika alipougusa.

Jambo la kwanza alilofanya ni kutazama huku na huku kama kuna aliyeona. Hakuna. Ndani, Bi Fakhriya alikuwa akimpimia mteja baibui. Severa alikunja kile kipande, akakisokomeza chini ya gunia la mabaki. Jioni wale wanaokusanya mabaki ya nguo kwa ajili ya kujaza mito wakapita, wakabeba gunia zima. Aliwatazama wakiondoka nalo.

"Nitamwambia kesho," alijisemea.

Kesho yake Bi Fakhriya aliteremka akiwa na uso mkunjufu kuliko siku zote tangu msiba. "Nimemwota mzee. Amekaa pale kwenye kiti chake, anacheka. Kazi yako hiyo, Mama Rogath. Mungu akubariki."

Severa aliinama, akajifanya anatafuta sindano.

Siku hiyo hiyo alienda Mtaa wa Mkunguni, akanunua kikoi kipya cha mistari ya buluu. Akakibeba mpaka kwake Buguruni, akakiloweka kwenye maji ya jiki kichujuke, akakisugua juu ya sakafu ya uani, akakianika, akakirudisha tena kwenye beseni. Siku tatu. Kilipolainika vya kutosha alikifukiza kwa udi, kwa sababu cha mzee kilinukia udi. Mumewe, Heriel, alimuuliza anafanya nini.

"Kazi ya mteja," alijibu. Na alivyojibu kwa ukali, Heriel hakuuliza tena.

Mfarishi ulimchukua wiki sita. Alitandaza pamba nyembamba katikati ya nguo mbili, akaipitia yote kwa mishono midogo kama punje za mtama. Kile kipande cha katikati alikishona vizuri kuliko vyote. Hakuwahi kuwa mwangalifu hivyo kwa kazi ya kweli, na kila alipovuta uzi alilijua hilo.

Dalia alijifungua mtoto wa kiume. Akaitwa Abdulla.

Siku ya arobaini ya mtoto Severa aliitwa ghorofani. Chumba kilijaa wanawake, sinia za pilau zikipita. Bi Fakhriya alimshika mkono, akamsimamisha katikati yao. "Huyu ndiye aliyeshona. Kabila lake mbali, dini yake mbali, lakini ameniletea mume wangu nyumbani." Akamlaza mtoto juu ya mfarishi, shavu lake dogo likiwa juu ya kile kitambaa cheupe. Bi Tasneem, dada wa marehemu, akapiga magoti, akakibusu, akalia kwa sauti. "Kaka yangu," alisema. "Kaka yangu jamani."

Severa alihisi masikio yakiwaka. Walimpa doti ya kanga ya zawadi. Walimpakulia, sahani akairudisha. Akasema tumbo linamsumbua, akashuka ngazi akishikilia ukuta.

Wiki tatu alikaa na hali hiyo. Kanga hakuzivaa. Chai ikija aliimwaga kwenye mtaro Bi Fakhriya akigeuka, maana aliona kuinywa ni kuiba mara ya pili. Mama wa Mbezi alipopiga kuulizia mfarishi wake, alikata simu. Jumapili moja aliingia kuungama. Padri alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na huyo mama, yeye ameshasikia haya?"

Jumatatu alifika kabla duka halijafunguliwa. Bi Fakhriya aliposukuma mlango, Severa alimfuata ndani, akasimama kati ya mabaibui.

"Bi Fakhriya, kile kikoi si cha mzee."

"Unasema nini?"

"Cha mzee nilikiunguza. Niliacha pasi nikawa naongea na simu, najisifu. Nikanunua kingine. Nikakisugua kionekane cha zamani."

Bi Fakhriya alitafuta kiti kwa mkono bila kugeuka, akakaa. "Kilichoungua kiko wapi?"

"Kilienda na mabaki. Niliwaona wakikichukua."

Nje mtu wa mkokoteni alikuwa akipiga kelele apishwe njia.

"Nani mwingine anajua?"

"Padri tu. Naomba nimwambie na Dalia. Nimpigie magoti."

"Usithubutu." Sauti ilikuwa ya chini, lakini Severa alirudi nyuma. "Dalia hapati usingizi mpaka aweke kichwa pale pembeni ya mwanawe. Unataka umnyang'anye na hicho? Wewe umekuja kujitua mzigo, Severa. Umeutua juu yangu."

Kwa miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwita kwa jina lake, Severa. Fundi alilia, lakini mwenzake hakulia.

"Nenda kashone," Bi Fakhriya alisema. "Wateja wanakuja."

Hakumfukuza barazani. Alimwitikia salamu kila asubuhi, "Marahaba," basi. Chai ilikuja kikombe kimoja, ikapita moja kwa moja ndani. Severa alijua hana haki ya kulalamika, hata moyoni.

Mtoto alipofikisha miezi mitano, Dalia aliteremka na mfarishi begani. "Shikamoo, Mama Rogath. Huku pembeni uzi umefumuka, mtoto anauvuta. Nirekebishie. Ila hapa pa baba usipaloweshe, bado pana harufu yake."

"Sitapalowesha, mwanangu."

Dalia akapanda juu. Severa alianza kushona, na mfarishi ukawa unateleza kuelekea sakafuni kwenye vumbi. Bi Fakhriya, aliyekuwa akiwatazama kutoka nyuma ya kaunta, alitoka nje. Alivuta ile stuli, akaushika upande uliokuwa unaning'inia, akaunyoosha magotini mwake ili fundi afanye kazi.

Walikaa hivyo mpaka upindo ukaisha, hakuna aliyemtazama mwenzake.