Mkongojo wa Mama

Nilikuwa nimeelekeza uso ukutani, pua karibu na chokaa, niliposikia mkongojo wa mama ukigonga sakafu ya ukumbi.

Kanuni ile niliitunga mwenyewe. Sisi wagombea wawili wa uenyekiti wa kamati ya maji tungetazama ukuta, nao wakazi wangejipanga nyuma ya wamtakaye, pasipo mtu kuogopa jicho la mtu. Mimi ni mwalimu, napenda utaratibu. Sikukumbuka kwamba ukuta hauzibi masikio.

Kando yangu alisimama mpinzani wangu, wifi yangu, mke wa kaka, muuguzi aliyeletwa mtaani kwetu na ndoa, akiwa na lugha ambayo hakuna aliyeielewa. Haukupita muda akawa anajua kuuliza "inauma wapi?" katika kila lugha ya mtaa. Katika kampeni mimi nilibandika ramani ya mabomba, yenye rangi na vipimo. Yeye alikwenda kwenye foleni ya ndoo, akawauliza watu wa bondeni na wa mlimani: bomba likipasuka, nani kwenu atashika spana? Wakachaguana hapo hapo, wakitaniana.

"Mama siku hizi ukimtafuta, mtafute kwangu," kaka aliwahi kunitania. "Chai ya wifi yako imemteka."

Nilicheka kwa meno tu.

Ko. Ko. Mkongojo ulifika nyuma yangu, ukasita. Nikasikia pumzi yake, ile iliyokuwa ikinibembeleza utotoni. Kisha ukasogea. Si mbali.

"Karibu, mama," wifi alinong'ona bila kugeuka.

Hata yeye aliujua mlio ule.

Jioni nilimkuta mama akivua kandambili mlangoni kwa kaka.

"Mama, hata wewe?"

"Nakupenda, mwanangu. Lakini nataka maji."

"Kwani mimi nisingeyaleta?"

"Ungeyaleta. Na bomba likipasuka, ungetuletea ramani." Akacheka hadi akakohoa. Nikageuka kumtafutia kikombe cha maji. Wifi alikuwa amekwisha kumshikisha.

Miaka imepita. Mama amehamia huko moja kwa moja. Bomba likipasuka, watu wa bondeni na wa mlimani huliziba kabla jua halijatua, wakitukanana kwa lugha ambazo sasa wote wanazielewa. Nami kila asubuhi husimama mbele ya bomba langu, nikalifungua polepole, nikitamani likohoe, likauke, japo mara moja.

Maji huja.